Kompyuta ya baiskeli unayo tayari mfukoni

Septemba 2025 jiji la Kigali lilipokea Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Jumamosi ya kufungia wiki, Magdeleine Vallieres wa Canada aliwashinda wanawake wenzake. Kesho yake wanaume walikimbia kilomita 267.5, na vilima vyote walivyovipanda vikijumlishwa vilikaribia mita 5,500. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyevaa medali ya dhahabu.

Aliyetazama kwa makini, awe kando ya barabara au mbele ya televisheni, alikiona kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye usukani wa baiskeli hizo. Hiyo ndiyo kompyuta ya baiskeli. Humwonyesha mwendeshaji kasi yake, umbali aliokwenda, kilima kilichobaki, mapigo ya moyo wake na nguvu anayoikanyaga kwenye pedeli. Baada ya Kigali, vijana wengi wa huku kwetu wanaoanza kuupenda mchezo huu wanaulizia bei ya kisanduku hicho, na jibu linawakatisha tamaa. Garmin Edge 1040 ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa takriban dola 600 za Marekani. Ndugu yake mdogo, Edge 540 ya mwaka 2023, ilianzia takriban dola 350. Hapo hujalipa usafirishaji wala ushuru. Kwa wengi wetu fedha hizo zinanunua baiskeli nzima na chenji inabaki.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mwendeshaji wa kawaida hana haja ya kuzitoa fedha hizo. Simu janja aliyonayo inafanya karibu kila kazi ambayo kisanduku kile kinaifanya, ilimradi ajue inavyofanya kazi, ajue udhaifu wake, na asiiruhusu imtoe macho barabarani. Sharti hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na nitalirudia.

Hamu ya zaidi ya karne

Mwendesha baiskeli hajaanza leo kutaka kujua amekwenda umbali gani. Mwaka 1895 Mmarekani Curtis Veeder, wa mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut, alibuni kifaa kidogo cha magurudumu ya meno kilichofungwa karibu na ekseli ya gurudumu la mbele. Kipini kilichokazwa kwenye spoku kilikigonga kifaa hicho kila gurudumu lilipomaliza mzunguko mmoja, na tarakimu zikasogea. Hakikuwa na betri wala waya, na kilihesabu kwa uaminifu.

Miaka ya 1980 ikaleta vifaa vya elektroniki. Sumaku ndogo ilifungwa kwenye spoku, kihisi kikafungwa kwenye uma wa baiskeli, na waya ukapanda hadi kwenye usukani. Mwaka 1986 mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha SRM, kampuni iliyotengeneza mita ya kupima nguvu ya miguu kwa wati, na kuanzia hapo mazoezi ya wakimbiaji wakubwa yakabadilika kabisa. Mwaka 2005 Garmin ilitoa Edge za kwanza, zilizotegemea setilaiti badala ya sumaku. Mwaka 2008 iPhone 3G ikaja na kipokezi cha GPS ndani yake, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Strava, programu ambayo leo waendesha baiskeli wengi duniani huitumia kurekodi na kulinganisha safari zao.

Tangu wakati huo pengo kati ya simu na kisanduku cha usukani limekuwa likipungua mwaka hadi mwaka. Hata simu janja za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo au mtaa wa Luthuli, Nairobi, zina kipokezi cha setilaiti. Programu za kurekodi safari zinapatikana bure. Kilichokuwa anasa ya mkimbiaji wa kulipwa kimeingia mfukoni mwa muuza maziwa, mwanafunzi na mwalimu wa shule ya msingi.

Simu inajuaje ulipo

Watu wengi wanaogopa kuwasha GPS wakidhani inakula bando. Haili. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo. Simu yako husikiliza tu, haizijibu. Ishara husafiri kwa kasi ya mwanga na kufika kwako baada ya takriban sehemu saba za mia moja ya sekunde. Kwa kupima muda huo, simu hupata umbali wake hadi kwa kila setilaiti. Tatu zingetosha kujua mahali, lakini saa ya simu si sahihi kama saa za angani, hivyo inahitajika ya nne ili kurekebisha kosa hilo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde lingekuhamisha mita 300.

Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza makusudi usahihi wa ishara zinazotumiwa na raia. Mei mwaka huo Rais Bill Clinton aliamuru utaratibu huo ukome, na usahihi ukaongezeka kwa mkupuo. Leo simu nyingi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hujua ilipo kwa tofauti ya takriban mita tano.

Kinachoweza kula bando ni ramani inayopakuliwa ukiwa njiani, pamoja na usaidizi mdogo ambao simu huupata kwenye mtandao ili izitambue setilaiti haraka. Bila mtandao, simu huchukua muda zaidi mwanzoni kwa sababu inalazimika kusubiri taarifa za mahali setilaiti zilipo zishuke kutoka angani kwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka simama mahali pa wazi, fungua programu, subiri ikuthibitishie kwamba imepata mahali ulipo, ndipo uanze. Wanaoanza kurekodi wakiwa bado sebuleni, chini ya bati, ndio wanaolalamika baadaye kwamba simu imewachorea njia iliyopita juu ya nyumba za majirani.

Udhaifu mwingine uko hapo hapo. Programu nyingi huweka nukta moja kila sekunde na kuziunganisha kwa mstari. Ukienda kilomita 36 kwa saa, kila sekunde umevuka mita 10, hivyo kwenye kona kali mstari hukata ndani na kuupunguza umbali. Kati ya maghorofa ishara hugonga kuta kabla ya kukufikia, na chini ya miti minene hudhoofika. Ukisimama kunywa chai, nukta huweza kutangatanga hapo hapo na kukuongezea mita ambazo hukuzikanyaga. Ndiyo maana programu nyingi zina kitufe cha kusitisha zenyewe unaposimama. Kiwashe.

Namba isiyoaminika upesi

Katika namba zote ambazo simu hutoa, inayohitaji tahadhari zaidi ni ya mwinuko. Jiometri ya setilaiti humpa mtumiaji usahihi mdogo wa kwenda juu kuliko wa kwenda pembeni, kwa kuwa setilaiti zote zinazosikika ziko juu yake na hakuna iliyo chini. Makosa madogo ya kupanda na kushuka yakijumlishwa kwa saa nzima, barabara tambarare huonekana kama ina vilima.

Simu za bei ya juu kidogo huwa na baromita ndani. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita nane hivi, kanieneo ya hewa hushuka kwa hektopaskali moja, na baromita ya simu huweza kuhisi hata mabadiliko madogo kuliko hayo. Udhaifu wake ni kwamba wingu la mvua likikaribia, hewa hubadilika na simu huweza kudhani umepanda kumbe umesimama. Programu nyingine huachana na simu kabisa na kusoma mwinuko kutoka kwenye ramani za ardhi zilizopimwa kutoka angani.

Mtu anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, milima ya Usambara, anaelewa kwa nini jambo hili lina uzito. Barabara ile ina urefu wa takriban kilomita 33 na inamwinua mtu karibu mita elfu moja. Wawili waliopanda pamoja wakifika Lushoto na simu zao zikatofautiana kwa mita mia, wasigombane. Wote wamepanda mlima ule ule. Kilicho tofauti ni njia ya kupima, na ukitaka kulinganisha maendeleo yako ya mwezi huu na uliopita, tumia simu ile ile na programu ile ile.

Vihisi: nyongeza yenye maana

Anayetaka usahihi zaidi anaweza kuongeza vihisi vidogo vinavyowasiliana na simu kwa Bluetooth. Cha kasi hufungwa kwenye kitovu cha gurudumu, cha mizunguko ya miguu kwenye mkono wa pedeli, na cha mapigo ya moyo hufungwa kifuani kwa mkanda. Vingi vinatumia betri ya kidonge inayodumu miezi mingi. Unaponunua, soma pakiti: kuna vinavyotumia lugha ya redio iitwayo ANT+ pekee, na simu nyingi hazina redio hiyo. Chagua chenye Bluetooth, au chenye zote mbili.

Kihisi cha kasi hakijui umbali. Kinajua idadi ya mizunguko tu, kisha programu huizidisha kwa mzingo wa gurudumu ulioiambia. Tairi ya 700×25 ina mzingo wa takriban milimita 2,105. Kama gurudumu lako halisi lina milimita 2,000 na programu inaamini ni 2,105, kwenye safari ya kilomita 100 itakuandikia 105. Usitegemee jedwali la kiwandani, hasa kama baiskeli yako ni ile kubwa nyeusi ya kubebea mizigo. Jaza upepo kama kawaida, weka valvu chini kabisa, piga alama ya chaki sakafuni, panda huku mwenzako amekushikilia, sogea mbele kwa mstari ulionyooka mpaka valvu irudi chini, piga alama ya pili, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani au ya seremala. Namba hiyo ya milimita ndiyo ya kuingiza. Ukimaliza, kihisi kitakuwa sahihi kuliko setilaiti kwenye kona, kwenye maghorofa na chini ya miti.

Mita ya wati ni habari nyingine. Ni ghali, na ni ya mtu anayefanya mazoezi ya mashindano. Afrika Mashariki tuna ushuhuda wa nguvu yake: Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupata malezi ya mchezo kwa David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, na watazamaji walizoea kumwona ameinamisha kichwa kuelekea usukani, kana kwamba anasoma wati zake, huku akipanda milima ya Ufaransa. Lakini Froome alikimbia kwenye barabara zilizofungwa, zenye askari kila kona na magari ya timu nyuma yake. Wewe na mimi tunaendesha kati ya daladala, malori na bodaboda. Mtindo ule si wetu.

Jua, mtikisiko na mvua

Kisanduku cha kampuni kama Garmin au Wahoo kimetengenezwa kukaa juani na mvuani mchana kutwa. Simu haikutengenezwa hivyo. Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba iPhone itumike katika hewa ya kati ya nyuzijoto 0 na 35. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mwezi Februari, hewa yenyewe inakaribia kikomo hicho kabla jua halijakipiga kioo. Simu nyeusi kwenye usukani saa sita mchana hupata moto, kioo hufifia, kuchaji hukoma, na mwishowe inaweza kujizima. Joto pia huzeesha betri. Mwenye simu moja ya kazi na biashara ana kila sababu ya kuiepusha na adhabu hiyo.

Kioo ndicho kinachokula chaji kuliko kitu kingine. Kukiwasha kwa mwanga wote ili kisomeke juani ni kuimaliza betri kabla ya kufika. Simu ile ile ikirekodi huku kioo kimezimwa, ndani ya mfuko wa nyuma wa jezi au begi dogo chini ya tandiko, hutumia chaji kidogo mno. Siku ikiwa ndefu, beba pawabenki.

Wapo wanaoikumbuka dainamo iliyosugua tairi kwenye baiskeli za Raleigh na Phoenix na kuwasha taa ya mbele. Kipimo chake cha kawaida ni volti 6 na wati 3, na nguvu hiyo inaweza kweli kuchaji simu. Ila umeme wake ni wa mkondo geu na hupanda na kushuka kwa kasi ya gurudumu, wakati simu inataka volti 5 za mkondo mnyoofu. Usiunge moja kwa moja. Panahitajika kigeuzi na kidhibiti, na ni salama zaidi dainamo ichaji pawabenki, kisha pawabenki ichaji simu.

Kuhusu mtikisiko, Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki zenye nguvu, ikisafiri kupitia usukani, inaweza kuharibu baada ya muda mfumo unaotuliza na kulenga picha katika kamera za iPhone. Waendesha bodaboda wanaofunga simu mbele ili wafuate ramani wanapaswa kulijua hilo. Baiskeli haina injini, lakini barabara ya changarawe yenye mawimbi hutikisa vya kutosha kuirusha simu kutoka kwenye kishikio cha bei rahisi. Ukilazimika kuifunga mbele, tumia kishikio kinachokaza pembe zote nne, chenye mpira wa kupunguza mtikisiko, na ufunge kamba ya ziada.

Mvua nayo ina lake. Simu nyingi husoma mguso kwa jinsi kidole kinavyobadilisha umeme hafifu ulio kwenye kioo, na matone ya maji huichanganya: hubonyeza yasiyobonyezwa, na kidole kilicholowa kikapuuzwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri utaiokoa simu, lakini matone yaliyo juu yake bado yanaweza kuichanganya. Anza kurekodi kabla ya mvua, kisha uiache.

Adui aliye ndani ya simu yenyewe

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa waendeshaji wa wikiendi hayahusu setilaiti wala mvua. Ni safari kukatika katikati. Mtu anatoka Tegeta, anafika Bagamoyo, anafungua simu na kukuta rekodi imeishia Bunju. Lawama hutupiwa programu, lakini mara nyingi mhusika ni mfumo wa simu. Simu nyingi za Android zimepangwa kuzifunga programu zinazofanya kazi huku kioo kimezimwa, kwa nia njema ya kuokoa chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu yako ya kurekodi, uipe ruhusa ya kufanya kazi bila kizuizi. Kisha, kwenye ruhusa za mahali, hakikisha programu inaweza kuendelea kusoma ulipo hata kioo kikiwa kimezimwa. Mwisho, zima hali ya kubana matumizi ya chaji kabla ya kuondoka. Hatua hizo tatu huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Ramani zilizochorwa na watu wetu

Mwendeshaji anayetaka kujaribu njia mpya anahitaji ramani inayofanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Programu kama OsmAnd na Organic Maps humruhusu kupakua ramani ya nchi nzima akiwa kwenye Wi-Fi, kisha aitumie porini bila bando. Ramani hizo zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia.

Na wachangiaji wake ni pamoja na jirani zako. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao, ambao ramani za wakati huo ziliuacha kama doa tupu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa, walipita vichochoro na mifereji wakiichora kata kwa kata ili jiji lijue maji ya mafuriko yatapita wapi. Kazi ile ilifanywa kwa ajili ya kuokoa maisha na nyumba, na leo mwendesha baiskeli anayekwepa msongamano kwa kupita ndani ya Tandale au Manzese anafaidi jasho lao. Ukiona njia haipo kwenye ramani, nawe unaweza kuiongeza kwa rekodi ya safari yako.

Macho barabarani

Sasa narudi kwenye sharti nililolitaja mwanzo. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, anayetazama kioo kwa sekunde mbili amesafiri karibu mita 14 akiwa kipofu. Katika mita 14 kuna shimo, mtoto anayevuka, mlango wa gari unaofunguka na daladala inayoingia kituoni bila taa. Hakuna namba kwenye simu inayostahili hatari hiyo.

Njia iliyo salama ni kuiacha simu iseme. Programu nyingi zinaweza kutamka umbali na kasi kila baada ya kilomita moja au tano, na kukuambia ugeuke wapi. Tumia spika ya simu, usizibe masikio, kwa sababu sikio ndilo linalokujulisha lori linalokuja nyuma. Ukitaka kusoma ramani, simama pembeni. Hasara ni dakika moja.

Kuna pia suala la wezi. Simu inayong'aa kwenye usukani ni mwaliko kwa wakwapuaji wa pikipiki. Tena simu ya leo hubeba zaidi ya namba za ndugu: ina M-Pesa au Airtel Money, ina benki, ina picha za vitambulisho. Kuipoteza ni kupoteza pochi, daftari na ufunguo kwa pamoja.

Ushauri wangu, hivyo basi, ni kuirudisha kazini simu ya zamani iliyolala kwenye kabati. Hata isiyo na laini hupokea ishara za setilaiti bila shida, kwani GPS haihusiani na laini. Futa kila kitu ndani yake, weka programu ya kurekodi na ramani uliyopakua, ondoa akaunti za pesa na benki. Kioo chake kikipasuka au ikikwapuliwa, maisha yako hayajasimama. Simu yako halisi ibaki imezimwa kioo ndani ya mfuko, ikiwa na chaji ya kumpigia mtu ukipata ajali.

Usiitangaze nyumba yako

Rekodi ya safari ina siri ndani yake: inaonyesha unakolala, saa unayoondoka na siku ambazo hupo. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia iliyojumlisha mazoezi ya watumiaji wake. Januari 2018 watu walitambua kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan mistari iliyong'aa peke yake jangwani ilikuwa ya wanajeshi waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao, na kambi hizo zikawa wazi kwa ulimwengu. Kama jeshi liliumbuka, mtu binafsi ni rahisi zaidi kuumbuka. Katika mipangilio ya faragha kuna sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari. Itumie, na safari zako zionekane na watu unaowajua tu. Kwa wanawake wanaoendesha peke yao alfajiri, huo ni ulinzi wa lazima.

Rekodi inayoweza kujenga barabara

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baiskeli ni usafiri wa watu wengi mno katika ukanda huu. Inabeba abiria Kisumu na Tabora, inabeba mkaa, ndizi na maziwa. Neno bodaboda lenyewe lilianzia kwenye baiskeli zilizovusha watu mpaka wa Kenya na Uganda. Hata hivyo, wakati wa kupanga barabara, mwenye baiskeli mara nyingi haonekani, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu.

Hapo ndipo naona thamani ya simu iliyo kubwa kuliko kasi na wati. Tangu mwaka 2020 Strava imekuwa ikiipa miji bila malipo takwimu zilizojumlishwa, zisizo na majina, zinazoonyesha waendesha baiskeli wanapita wapi. Tahadhari inahitajika: wanaotumia programu hizo ni wale wenye simu janja na muda wa mazoezi, na muuza mkaa hayumo. Kwa hiyo takwimu za simu haziwezi kuchukua nafasi ya kuwahesabu watu barabarani. Lakini ni mwanzo. Dar es Salaam ilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 kwa sababu ya mabasi yake yaendayo haraka, ikawa jiji la kwanza la Afrika kuipata, na barabara ya Morogoro ilijengwa ikiwa na njia za baiskeli na waenda kwa miguu. Klabu ya waendesha baiskeli inayoweza kufika kwa diwani au kwa wakala wa barabara na ramani ya safari za wanachama wake, ikionyesha mahali wanapolazimika kuingia kati ya magari, ina hoja nzito kuliko klabu yenye malalamiko ya mdomo.

Kwa wanaoendesha, basi, neno langu ni hili. Usinunue kompyuta ya baiskeli kabla hujawa na kofia ngumu, breki zinazoshika, taa ya mbele na ya nyuma, na tairi zisizo na nyufa. Ukishakuwa navyo, itoe simu ya zamani kabatini, pakua ramani, ruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi, ficha mwanzo na mwisho wa safari yako, kisha itie mfukoni na uende. Anayefanya mazoezi ya mashindano, au anayesafiri siku nyingi mfululizo kwenye jua na mvua, atanufaika na kisanduku maalumu na asione haya kukinunua. Wengine wote simu inawatosha. Na kwa wanaopanga miji yetu: waendesha baiskeli wahesabiwe, kila barabara inapojengwa au kupanuliwa, na njia yao iwemo kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.